Nimegoma kutia saini mkopo wa chuo: pesa yangu inamlipa kocha?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, nakaa Houston, Texas, miaka mingi sasa. Naendesha lori la mizigo, mke wangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya wagonjwa. Tuna watoto watatu. Wa kwanza, Neema, ana miaka 18 na anamaliza sekondari mwezi Mei. Ana akili huyu mtoto, na hilo si mimi ninayelisema, ni walimu wake.

Neema amepata nafasi vyuo viwili. Kimoja ni cha serikali, hapa hapa mjini. Angelala nyumbani, na ukijumlisha ada na makato yote ni dola 12,800 kwa mwaka. Kingine ni chuo kikubwa cha serikali katika jimbo jingine, majina nayahifadhi. Hicho cha pili ndicho roho yake inakotaka. Ni kimoja wapo cha vile vyuo ambavyo timu yao ya mpira wa Kimarekani inaonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi, na uwanja wao unabeba watu wengi kuliko Uwanja wa Mkapa. Neema amekua akiziangalia hizo mechi na wenzake, na fulana yao anayo tangu utotoni. Wamempa punguzo la dola 6,000. Baada ya punguzo hilo, ada, bweni na chakula vinabaki dola 46,000. Kwa mwaka, Shangazi. Si kwa miaka minne.

Ofisi ya misaada ya fedha ya chuo imetuandikia kwamba Neema anaweza kukopa dola 5,500 kwa jina lake mwaka wa kwanza, na zilizobaki mzazi aombe mkopo wa wazazi wa serikali. Fomu iko kwenye kompyuta, inasubiri mimi.

Sasa sikiliza. Msimu uliopita chuo hicho hicho kilimfukuza kocha wake. Nilikuwa kwenye kituo cha malori nasikiliza redio, wanasema mkataba wake umevunjwa na atalipwa mamilioni ya dola akae tu nyumbani. Halafu wakamtafuta mwingine, naye kwa mamilioni. Nilipoiona ile hesabu ya dola 46,000 nikakumbuka kila neno la redio ile. Nikawaambia mezani: mimi sitii saini. Siwezi kukesha barabarani nimlipe mtu anayesimama pembeni mwa uwanja na hedifoni masikioni.

Neema akanijibu, "Baba, kocha halipwi na ada." Nikamwambia ajifunze kuhesabu kwanza kabla hajaenda chuo. Akainuka mezani, na tangu hapo salamu yangu anaijibu kwa kichwa. Mama yake yuko upande wake. Shemeji yangu Mwanza naye, sijui nani kampelekea habari, kaniandikia WhatsApp kwamba nisimzibie mtoto riziki, watu wanauza mashamba kwa ajili ya nafasi kama hiyo.

Nina maswali mawili. Ada inamlipa kocha, au mtoto ndiye mkweli? Na nikikataa kutia saini nitakuwa nimekosea?

Baba Neema, Houston

*

Marahaba, Baba Neema.

Nianze na kocha, kwa kuwa ndiye uliyemshika shati, ingawa si yeye atakayewaamulia jambo hili.

Hasira yako haikutoka hewani. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala jaji. Ni kocha wa mpira wa Kimarekani au wa kikapu katika chuo cha serikali. Kirby Smart wa Georgia analipwa takriban dola milioni 13 kwa mwaka. Na huko kwenu Texas mna kisa ambacho hata mimi nilikisoma mara mbili. Desemba 2017 chuo cha Texas A&M kilimchukua kocha aitwaye Jimbo Fisher kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75. Mwaka 2021 wakaurefusha hadi 2031. Novemba 2023 wakamfukuza, na kwa kuwa mkataba ulimhakikishia malipo yote, wakajikuta wanadaiwa zaidi ya dola milioni 75: milioni 19.2 ndani ya siku 60, kisha milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031. Hata akipata kazi kwingine, deni halipungui. Nani alikaa akasaini mkataba wa namna hiyo, na usiku alilala?

Lakini pesa hizo zinatoka wapi? Katika vyuo vikubwa vya mpira, sehemu kubwa inatoka kwenye televisheni, tiketi, na michango ya matajiri wanaoipenda timu kuliko baadhi yetu tunavyowapenda ndugu zetu. Zamani NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichopanga timu ipi ionyeshwe kwenye televisheni na mara ngapi. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaivunja mamlaka hiyo, na makundi ya vyuo yakaanza kuuza mechi zao yenyewe. Mwaka 2022 kundi la Big Ten lilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7.

Pesa hizo zote, chuo cha serikali hakina wenye hisa wa kugawiwa faida. Wachezaji nao kwa miongo mingi hawakuruhusiwa kulipwa zaidi ya ada, bweni, chakula na vijisenti vya kujikimu. Zikabaki kwa kocha, wasaidizi wake, na majengo yenye vyumba vya kubadilishia nguo vya kifahari. Kocha Nick Saban alipoingia chuo cha Alabama mwaka 2007 alilipwa dola milioni 4 kwa mwaka na watu wakashika vichwa. Alipostaafu Januari 2024 alikuwa amepita milioni 11. Wachezaji waliruhusiwa kupata pesa kwa majina na sura zao mwaka 2021 tu, na ni kuanzia Julai 2025 ndipo vyuo vikaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kama ni dhuluma unayoitafuta, mimi ningeanza na hao vijana waliovunjika magoti bure kabla ya kufika kwenye ada ya Neema.

Kwa hiyo mtoto hakukosea. Fidia ya Fisher, Texas A&M walisema italipwa na wafadhili na idara ya michezo. Tuseme hatuwaamini. Tuseme kila senti ilitoka mifukoni mwa wanafunzi. Chuo hicho kina wanafunzi zaidi ya 70,000. Gawanya: inazunguka dola 1,000 kwa kila mmoja, mara moja, kwa kisa kikubwa kuliko vyote vya aina yake. Linganisha na hii. Kwa wastani wa Marekani nzima, mwaka wa masomo 2024–25, ada ya chuo cha serikali kwa mwenyeji wa jimbo ilikuwa dola 11,610. Kwa anayetoka jimbo jingine, dola 30,780. Tofauti ni zaidi ya dola 19,000 kila mwaka, na kwa miaka minne inapita 76,000, kabla hujalipia kitanda. Kinachokuumiza wewe ni mpaka wa jimbo. Chuo cha serikali cha jimbo jingine hakina deni lolote kwa Baba Neema wa Houston, kwa sababu kodi yako hulipi huko.

Hata hivyo kocha hatumwachii aondoke hivi hivi.

Turudi Alabama. Saban alipofika, chuo kilikuwa na wanafunzi wapatao 25,000. Leo wamepita 38,000, na zaidi ya nusu ya wanaosoma shahada ya kwanza wanatoka nje ya jimbo. Si mpira peke yake uliofanya hivyo. Serikali ya jimbo ilipunguza ruzuku, chuo kikatuma watu wa kusaka wanafunzi nchi nzima na kuwapunguzia ada wenye alama za juu. Lakini ubingwa wa taifa mara sita chini ya kocha mmoja ulikuwa bango kubwa barabarani, na kijana wa California au Illinois aliyekuwa hajui Tuscaloosa, mji wa chuo hicho, iko wapi akalisoma. Mkuu wa chuo wa wakati ule, Robert Witt, alisema waziwazi kwamba kumwajiri Saban ndiyo pesa chuo kilichoitumia vizuri kuliko zote.

Unaona nilipofika? Neema ni msomaji wa bango hilo. Fulana ya utotoni ilikuwa sehemu ya biashara. Mpira haukupandisha ada aliyoletewa, ila umemfanya atake kulipa ada ya mgeni wakati ada ya mwenyeji ipo kilomita chache kutoka kitandani kwake. Hilo ndilo ulilopaswa kumwambia mezani, badala ya lile la kujifunza kuhesabu. Ni mtoto wa miaka 18 aliyechaguliwa na mahali alipopaota, na ulichomjibu kilikuwa tusi.

Sasa chukua karatasi ya kile chuo cha hapo mjini uisome mstari kwa mstari, maana kuna kichekesho. Vyuo vyenye majina makubwa vinaweza kujilisha kwa televisheni. Vile vya kawaida, ambavyo mechi zao haziuzwi kwa mabilioni, ndivyo vinavyochukua pesa za wanafunzi kuendesha timu. James Madison University ya Virginia miaka ya karibuni imekuwa ikimkata kila mwanafunzi zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya michezo, aende uwanjani asiende. Hali ya namna hiyo ilifika mahali jimbo la Virginia likatunga sheria mwaka 2015 kuweka kikomo. Basi inawezekana kabisa kwamba ndani ya zile dola 12,800 kuna mstari wa michezo, na kwamba ukimpeleka Neema chuo unachokitaka wewe, hapo ndipo pesa yako itamfikia kocha. Lakini mstari huo hata ukiwa mnene, hauwezi kufikia pengo lililopo kati ya karatasi zako mbili. Kama uko tayari kununua ugomvi na bodi ya chuo, nunua huo. Wabunge wa Texas mwaka 2003 walizipa bodi za vyuo ruhusa ya kupanga ada zenyewe, na mwanafunzi mwenye namba mkononi husikilizwa kuliko baba mwenye hasira.

Tuje kwenye saini.

Mkopo wa wazazi ni wako. Hauhamii kwa Neema akipata kazi. Unaweza kukubaliana naye kwa mdomo kwamba atakusaidia, lakini mdai atakutafuta wewe. Si kama Bodi ya Mikopo kule kwetu, ambako deni linamfuata aliyesoma. Riba yake kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni asilimia 8.94, na juu yake kuna makato ya zaidi ya asilimia 4 yanayotolewa kabla pesa haijafika chuoni. Tena kuna jambo ambalo barua uliyoandikiwa haikulitaja, au wewe hukulifikia: kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, sheria mpya inaweka kikomo cha mkopo wa wazazi kuwa dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto.

Piga hesabu nami. Dola 46,000, toa 5,500 za Neema, zinabaki 40,500. Serikali itakukopesha 20,000. Nyingine 20,500 zinatoka wapi? Kutoka mfukoni, au benki binafsi, ambayo itataka dhamana yako na riba inayotegemea historia yako ya mikopo. Mwaka wa nne kikomo cha 65,000 kitakuwa kimebakiza 5,000 tu. Kwa maneno mengine, hata ukitia saini leo kwa moyo mweupe, saini hiyo hailipii chuo. Na deni la 65,000 kwa riba hiyo, ukililipa kwa miaka 10, ni kama dola 820 kila mwezi, bila kuhesabu riba inayolimbikizwa Neema akiwa bado darasani. Una watoto wengine wawili nyuma yake. Shemeji yako wa Mwanza anaposema watu wanauza mashamba, muulize lake analiuza lini.

Kwa hiyo swali lako la pili: hapana, hukukosea kukataa. Ulikosea sababu uliyompa mtoto, na sababu hiyo imemfanya abishane nawe kuhusu kocha badala ya kuhusu dola 20,500. Akishinda mabishano ya kocha, na kashinda, anadhani ameshinda yote.

Kaa naye. Mama yake awepo, simu zikae mbali, na wewe usianze na hotuba. Fungua hati yako ya mshahara. Wazazi wetu hawakutuonyesha mishahara yao na sisi tunaiga, halafu tunashangaa mtoto hajui kwa nini hatuwezi. Mwonyeshe kinachoingia, kodi ya nyumba, bima, pesa ya bibi yake inayotumwa nyumbani, kisha mpe kalamu ajaze mwenyewe pale penye 40,500. Mwombe radhi kwa lile la kuhesabu. Ndiyo, baba anaweza kumwomba radhi mtoto na paa lisianguke.

Halafu mpe nafasi ya mwisho ya kweli, si ya kumridhisha tu. Aandike mwenyewe kwa ofisi ya misaada ya fedha ya chuo chake, kabla ya Mei 1 ambayo kwa vyuo vingi ndiyo siku ya kuthibitisha nafasi, aombe waliangalie tena lile punguzo. Aambatanishe alama zake na barua ya chuo cha Houston yenye gharama yake. Aulize pia kama wana utaratibu wa kumtoza mwanafunzi wa jimbo la jirani ada ya mwenyeji. Vyuo kadhaa vinao, hasa kwa wenye alama nzuri, na havitangazi kwa sauti kubwa. Hakikisheni fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, imejazwa, kama ana uraia au kadi ya kijani, maana bila hiyo hata zile 5,500 hazipo. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, inafika dola 7,395 kwa mwaka. Mnavyofanya kazi wawili huenda mkaikosa, lakini acha fomu iseme, usiseme wewe. Na kila chuo kinatakiwa kisheria kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi; mwambie avijaze vyote viwili.

Wakija na punguzo la kulifuta lile pengo la 20,500 na zaidi, mrudie hesabu pamoja. Hapo tunazungumza jambo jingine na mimi nitakuwa wa kwanza kukwambia umwache aende. Wasipokuja nalo, anaanza Houston. Akitaka kuhamia huko mwaka wa tatu, na alama zikiwa nzuri, atakuwa amelipa ada ya mgeni kwa miaka miwili badala ya minne. Aulize mapema kozi zipi zitahesabiwa, kwa maandishi, kwa sababu vyuo hukataa kozi za wenzao kirahisi na mwanafunzi akajikuta anasoma miaka mitano. Punguzo la dola 6,000 huenda lisimfuate akihama. Hilo nalo aulize.

Kama mlishatoa pesa ya kushikilia nafasi kule, soma masharti yake leo. Kwa vyuo vingi hairudi, na isiwe sababu ya mtu yeyote nyumbani kwako kusema "tumeshaanza".

Shangazi